Kurinyu QID Qatar: maswali tunayoulizana kila siku

Haya maswali ya kurinyu QID, yaani kuongeza muda wa kadi ya kukaa Qatar, nimeyajibu kwenye basi la kampuni, kwenye foleni ya kutuma pesa, na kwenye simu saa nane usiku mtu analia. Nimechoka kurudia, nimeyaweka pamoja. Mimi niko Doha, nilikuja kama sekyuriti, saa hii niko ofisini nashughulika na makaratasi ya wenzangu. Naongea Qatar tu, Saudia na Dubai wana sheria zao, usichukue maneno ya hapa ukaenda kumsomea kafili (mwajiri anayekudhamini) wa Riyadh.

## Kwa wanaoanza

QID ni nini hasa, si nilikuja na viza tayari?

Viza ndo ilikupitisha mlangoni. Ukishaingia unapelekwa kupimwa, damu na eksirei ya kifua, unachukuliwa alama za vidole, alafu mwajiri anakutolea kibali cha kukaa na kadi yake ndo hiyo QID. Wale waliopitia Saudia bado wanaiita ikama, ni ile ile. Ile ya vipimo kwa kawaida ni ya mara ya kwanza, kwa kurinyu huendi kutobolewa sindano tena.

Ukae ukijua namba yako inasomeka. Zina tarakimu 11: ya kwanza ni 2 kama ulizaliwa miaka ya 1900 au 3 kama ni 2000 kuja juu, mbili zinazofuata ni mwaka wako, tatu zinazofuata ni nchi yako, tano za mwisho ni zako peke yako. Kwa hiyo Mkenya wa 1994 anaanza na 294404, Mtanzania wa 2001 anaanza na 301834, Mganda katikati ana 800. Namba hiyo haibadiliki ukirinyu wala ukihama kampuni, kinachobadilika ni tarehe na jina la mwajiri. Mtu akikuambia ulipe kitu ndo upewe namba mpya, huyo ni tapeli, mblok.

Nani anarinyu, mimi au kampuni?

Mwajiri. Sheria namba 21 ya 2015 imemwekea yeye huo mzigo, wa kuitoa na wa kuirinyu. Kwenye kampuni anayefanya ni mandub, yule jamaa anayezunguka na begi la mafaili na simu mbili. Kwa walio majumbani ni baba au mama mwenye nyumba anafanya kwenye simu yake. Wewe mwenyewe hata ukijua kubonyeza vipi huwezi kujirinyu, akaunti inayofanya ni ya mwajiri.

Lakini sasa kazi ni yake na joto la jiwe unalipata wewe, maana ikiisha siye yeye atakayekwama kwenye ATM. Ndo maana nasema tarehe uijue wewe mwenyewe, usimwachie mandub ana watu mia tatu kwenye begi.

Ni pesa ngapi, na nani analipa?

Mfanyakazi wa kampuni ni riyali 1,000 kwa mwaka, wa nyumbani 300, na kama uko kwa kibali cha mume au mke ni 500. Riyali moja ni kama shilingi 35 za Kenya, kwa hiyo unaona elfu 35 sio pesa ya mchezo kwa mtu anayelipwa mshahara wa chini wa riyali 1,000.

Analipa mwajiri. Mwajiri narudia. Makato ya QID kwenye mshahara hayakubaliki hata kama ulisaini karatasi. Wajanja hawaandiki QID, nishaona slipu ya mshahara imeandikwa "makato mengine" riyali 84 kila mwezi, nikamwambia mwenye slipu zidisha hiyo mara 12 uniambie unapata ngapi. Akapata 1,008. Tukaangaliana tu.

Inachukua muda gani?

Kama kila kitu kiko sawa ni dakika, inalipwa kwa kadi ya benki na tarehe mpya inaonekana hapo hapo kwenye mfumo. Kadi yenyewe inaletwa na posta au inachapishwa kwenye mashine kwenye vituo vya Wizara ya Mambo ya Ndani. Kwa hiyo ukiambiwa "sistemu iko slow" wiki ya sita, jua sistemu haina shida.

Nitajuaje inaisha lini na kadi iko ofisini?

Kwanza kadi inatakiwa iwe mfukoni mwako. Alafu weka apu ya Metrash. Ile ya zamani, Metrash2, ilifungwa Machi 2025, kama bado unahangaika nayo futa uweke mpya. Lazima laini ya simu iwe imesajiliwa kwa QID yako, sio ile laini uliyoachiwa na rafiki aliyerudi Nakuru. Humo utaona tarehe na pia kadi ya kidijitali. Huna Metrash? Tovuti ya Wizara ya Mambo ya Ndani ina sehemu ya kuulizia kibali, unaweka namba ya QID inakuletea.

Piga skrinshoti. Moja miezi mitatu kabla ya kuisha, nyingine siku yenyewe ya kuisha, nyingine ikisharinyuliwa, alafu uzitume kwa mtu nyumbani, maana simu hupotea. Hizi skrinshoti nitazitaja tena huko chini.

## Zile siku 90

QID imeisha jana. Nimekuwa haramu?

Hapana, pumua. Mwajiri ana siku 90 tangu ilipoisha kuirinyu bila faini. Zikipita, faini ni riyali 10 kwa siku, na haipandi zaidi ya 6,000. Faini hiyo ni ya aliyechelewesha, na wewe hukuchelewesha kitu, akikuletea wewe soma tena jibu la nani analipa.

Sasa kama siku 90 zinaruhusiwa, haraka ya nini?

Sheria inakuruhusu, lakini benki haijali. Kadi yangu iliwahi kuisha nikiwa kampuni ya zamani, wakaniambia tulia una siku 90. Nikatulia. Mwisho wa mwezi nimeingia kwenye ATM pale Najma, mtaa wa hapa Doha, watu kumi nyuma yangu, mashine ikanitemea kadi. Mshahara umeingia naona kwenye meseji lakini hautoki. Nikaenda wanapotuma pesa, dada wa kaunta akaangalia QID akanirudishia bila hata kusema kitu. Nyumbani wanangoja karo, tena walishaambiwa leo. Ikabidi nimwombe Mnepali niliyekaa naye chumba kimoja anitumie kwa jina lake, na hiyo yenyewe sikushauri maana yeye ndo angeulizwa.

Kingine hospitali ya serikali wanataka kadi ya afya (health card) ambayo inakwenda pamoja na QID, laini ya simu inaweza kusumbua, na geti za saiti nyingine hazifunguki kama kadi imeisha. Kwa hiyo siku 90 ni za mwajiri kuepuka faini. Wewe hesabu yako ianze miezi miwili kabla.

Kila nikiuliza naambiwa inshallah kesho. Mwezi wa pili sasa.

Uliza kwa maandishi. WhatsApp inatosha, kwa adabu tu: "Bosi, QID yangu imeisha tarehe fulani, naomba kujua itarinyuliwa lini." Usitume voice note, andika. Unatengeneza ushahidi bila kugombana na mtu.

Alafu chunguza kama wewe peke yako ndo umekwama au ni kambi nzima. Kama ni wewe tu, mara nyingi ni pasipoti (iko hapo chini) au mandub kakusahau. Kama ni wote, kampuni yenyewe ina tatizo, labda leseni yake imeisha, au wizara imeifungia huduma kwa sababu hailipi mishahara kupitia benki inavyotakiwa. Hapo hata mandub akitaka, mfumo haumfungulii, na inshallah kesho inaweza kuwa ya mwaka mzima.

Ikifika siku ya 60 hivi usingoje tena, peleka malalamiko Wizara ya Kazi, kuna jukwaa lao la mtandaoni na ni bure. Wanaita pande zote mbili kusuluhisha ndani ya siku 7, mkishindwana inaenda kwenye kamati ya migogoro ya kazi ambayo inatakiwa itoe uamuzi ndani ya wiki tatu. Kiuhalisia inaweza kuchukua zaidi. Wakati huo endelea kwenda kazini, ukikaa tu chumbani wanapata la kusema.

Polisi akinisimamisha kadi imeisha?

Onyesha Metrash, onyesha meseji za kampuni. Ndani ya siku 90 kawaida haina neno. Baada ya hapo ndo zile skrinshoti na namba ya malalamiko zinakusaidia, maana zinaonyesha hukujificha.

## Pasipoti

Pasipoti yangu inaisha mwaka huu, inazuia?

Inazuia kweli, na hii ndo sababu namba moja ninayoiona ya watu kukwama peke yao. Kibali kinategemea pasipoti, na pasipoti ikiwa imeisha au iko ukingoni mfumo unakataa au unakupa muda mfupi. Kenya, Tanzania na Uganda zote zina ubalozi hapa Doha, lakini pasipoti haitoki siku hiyo hiyo, wengine wamengoja miezi. Ikibaki mwaka mmoja anza. Wakenya mnaanzia eCitizen, ile tovuti ya huduma za serikali, jazeni majina sawasawa na kitambulisho cha nyumbani, maana herufi moja ikikosewa itakufuata mpaka kwenye QID na benki.

Nimeshapata mpya, sasa?

Mpe mwajiri kopi abadilishe namba ya pasipoti kwenye mfumo kabla ya kurinyu. Ile ya zamani usitupe.

Kampuni inakaa na pasipoti yangu wanasema ni usalama.

Usalama wa nani? Sheria ile ile ya 2015 inasema wakimaliza shughuli ya kibali wakurudishie, isipokuwa umeomba mwenyewe kwa maandishi wakuwekee, na ukiihitaji wakupe. Kuizuia ni faini mpaka riyali 25,000. Sikwambii uende ukapigane, andika meseji: naihitaji kwenda ubalozini kurinyu. Hiyo sababu ni ya kweli na haina mjadala.

## Kuhama badala ya kurinyu

Naweza kutafuta kampuni nyingine kadi ikikaribia kuisha?

Unaweza. Tangu Septemba 2020 haihitajiki tena ile barua ya ruhusa ya mwajiri wa zamani, ile NOC iliyowatesa waliotutangulia. Unatoa notisi, mwezi mmoja kama umefanya mpaka miaka miwili, miezi miwili kama imezidi. Maombi yanapita kwenye mfumo wa Wizara ya Kazi, mwajiri mpya anatengeneza mkataba, wewe unaukubali mtandaoni, yeye anachukua QID yako kwenye jina lake.

Kwenye karatasi ni laini hivo. Nje watu bado wanaulizwa NOC kwenye intavyu, na utasikia bosi anasema "mimi siachii mtu". Usibishane naye kuhusu sheria, toa notisi kwenye mfumo ubaki na skrinshoti.

Kama bado uko kwenye majaribio, ambayo hayazidi miezi 6, unaweza pia lakini notisi ni angalau mwezi, na mwajiri mpya anamlipa wa zamani gharama za kukuleta, isizidi mishahara miwili ya msingi. Anamlipa mwajiri mpya, sio wewe.

QID imeshaisha, bado naweza kuhama?

Ndani ya zile siku 90, ndio. Zikipita inakuwa ngumu, ila kama iliisha kwa sababu iliyo nje ya uwezo wako, yaani mwajiri ndo alizembea, wizara inaweza kukusikiliza. Na utaonyeshaje kwamba yeye ndo alizembea? Zile meseji za kwa adabu nilizosema. Umeona sasa.

Bosi anasema nikihama ataripoti nimetoroka.

Hii ndo fimbo yao kubwa. Ripoti ya kutoroka ikiingia unaweza kukamatwa na kurudishwa kwenu. Kinga yake ni kutokuwa mtoro kweli: toa notisi kwa mfumo, nenda kazini mpaka siku ya mwisho, chukua picha ya rosta na ya kadi ya mahudhurio, na kama una ugomvi naye peleka malalamiko wewe kwanza. Malalamiko yako yakitangulia kwa tarehe, ripoti yake inayokuja baadaye inaonekana ni kisasi. Usihame chumba usiku na begi mgongoni alafu ndo unipigie, hapo umempa ushahidi wote.

## Kwa dada zetu wa majumbani

Mimi ni shagala (mfanyakazi wa nyumbani), sheria hizi zinanihusu?

Nyingi zinakuhusu. Mna sheria yenu, namba 15 ya 2017: saa 10 za kazi kwa siku, siku moja ya mapumziko kwa wiki, likizo ya wiki tatu kwa mwaka, na pesa za kumaliza kazi wiki tatu za mshahara kwa kila mwaka. Mshahara wa chini wa 1,000 wa tangu Machi 2021 nao ni wenu. Kuhama bila NOC pia.

Shida yenu ni kujua. Wa kampuni ana wenzake chumbani, wewe uko peke yako na simu wanaishika wao. Kwa hiyo jifunze namba yako ya QID kwa kichwa, yote 11, kama unavyojua namba ya mama yako. Siku ukipata simu ya mtu dakika mbili unaweza kuangalia tarehe, au ukamtumia dada yako Mombasa akakuangalizia kwenye tovuti.

Miaka yangu miwili imeisha, mama amerinyu bila kuniuliza, sasa ananiambia nimefungwa miwili mingine.

Dada, hapana. Hili naulizwa kila wiki na linaniudhi kila wiki. Kadi kurinyuliwa ni kibali cha kuwa nchini, haijakuandikia mkataba. Mkataba ni ule uliousaini wewe. Alichofanya kimekusaidia, haujawa haramu, lakini hakijakununua. Unaweza kumwambia kwa heshima kwamba unataka kwenda nyumbani, ukapewa haki zako na tiketi. Kutoka nchini hakuhitaji ruhusa yake, tangu 2020 kinachotakiwa ni kumuarifu saa 72 kabla.

Akisema "nimekulipia pesa nyingi ofisini", hizo ni za yeye na ofisi ya wakala iliyokuleta. Na kama unataka kubaki, huo ndo wakati mzuri wa kuomba nyongeza, kabla hujasema ndio. Mama wengi hawataki kuanza upya na mgeni asiyejua mtoto analala na blanketi gani.

## Likizo na safari

Naenda likizo na QID inaisha nikiwa nyumbani. Nisafiri?

Waambie warinyu kwanza. Hata kama imebaki miezi miwili, warinyu, haina hasara kwao. Ukitoka ikaisha uko nje unamwachia mwajiri uamuzi wa kukurudisha au kukuacha, na kuna ambao hivo ndo hufukuzia watu bila kulipa chochote. Pia usikae nje zaidi ya miezi 6, kibali kinapotea hata kama tarehe ya kadi bado, isipokuwa mwajiri aombe ruhusa maalum ya kurudi na kuilipia.

Ukiwa Jomo Kenyatta au Julius Nyerere unarudi, hakikisha kadi iko mkononi. Skrinshoti peke yake watu wamesumbuliwa nayo kaunta.

## Yale mazito

Kuna mtu anauza fri viza, nikirinyu kwake ni sawa?

Hakuna viza inayoitwa fri. Ni kampuni ya karatasi inakuandika jina, wewe unafanya kazi unakojua, kila mwaka unamlipa yeye "kurinyu" kwa bei anayotaka. Kufanya kazi kwa mtu ambaye si mwajiri wako kwenye QID bila kibali ni kosa, ukishikwa ni wewe na yule uliyemfanyia kazi. Na mwaka ambao hatapokea simu, huna pa kumshtakia bila kujitaja mwenyewe. Kama uko ndani tayari, tafuta kampuni ya kweli uhame kihalali kadi ikiwa bado hai.

Nimekaa muda mrefu bila QID, nangoja msamaha.

Misamaha huwa ipo. Oktoba 2021 walifungua dirisha la kurekebisha hali, wakaliongeza mpaka Machi 2022, na Februari 2025 wakatoa miezi mitatu kwa waliokaa kinyume cha sheria kuondoka. Lakini haina ratiba, mtu aliyekosa ile ya 2022 alingoja karibu miaka mitatu analala kwa watu. Kama dirisha likifunguliwa nenda wiki ya kwanza, usingoje ya mwisho, foleni yake nimeiona. Kama hakuna dirisha, anzia ubalozini wakusindikize, usijipeleke peke yako.

Kampuni imefungwa, bosi hapatikani, QID zimeisha, mishahara miezi minne hatujalipwa.

Nendeni pamoja Wizara ya Kazi, kundi linasikilizwa haraka kuliko mtu mmoja. Daini mambo mawili kwa mara moja: mishahara, na ruhusa ya kuhamia mwajiri mwingine kwa sababu kosa si lenu. Kamati ikiamua mlipwe na kampuni haina kitu, kuna mfuko wa kusaidia wafanyakazi ulioanzishwa kwa sheria namba 17 ya 2018, unaweza kulipa sehemu.

Na usikubali tiketi ya kurudi kabla hujasaini madai. Ukishapanda ndege bila karatasi, kesi ya riyali elfu nne kutoka Kisumu hakuna atakayekufuatilia. Kama lazima uende, mwachie mwenzako unayemwamini karatasi ya kumpa mamlaka ya kukufuatilia (wanaiita wakala), iliyopigwa muhuri ubalozini, yenye namba yako ya QID na namba ya kesi.